Trei ya kebo iliyoanguka usiku, na hesabu ambazo hakuna aliyezifanya

FundiWaIlala

Wakuu, heshima kwenu nyote. Nauanzisha uzi huu kwa ajili ya mafundi umeme, wahandisi na wasimamizi wa majengo, kutokana na tukio ambalo niliitwa kulichunguza katika jengo moja la ghorofa jijini Dar es Salaam. Jengo lenyewe na wakandarasi wake sitawataja, kwa kuwa sikusudii kumshtaki mtu. Saa tisa ya usiku, kipande cha trei (sinia refu la bati linalobeba kebo za umeme) chenye urefu wa mita 12 hivi kilishuka kutoka darini mwa maegesho ya chini na kuangukia magari mawili. Hakuna aliyeumia. Kilichonitisha zaidi ni kwamba umeme haukukatika: kebo zilining'inia hewani zikiwa bado na umeme, na mlinzi alizisogeza kwa fimbo ya ufagio ili apite.

Trei ile ilikuwa ya upana wa milimita 600. Juu yake zilipita kebo nne za amadi (zenye deraya ya waya za chuma), za viini, yaani nyaya za ndani, vinne vya milimita za mraba 240, ambazo kila moja ina uzito wa kilo 12 hivi kwa mita, na kebo sita za viini vinne vya milimita za mraba 95, zenye uzito wa karibu kilo 5 kwa mita kila moja. Jumla ni kilo 78 kwa kila mita, bila kuhesabu trei yenyewe. Mchoro ulitaka vyuma vya kuning'inizia vifungwe kila baada ya mita 1.5. Nilipopima kwa futi kamba nilikuta mita 2.4, kwa sababu aliyefunga alifuata nafasi za mihimili ya dari ili asitoboe mahali pagumu.

Wengi tutasema kwamba mita 2.4 si mbali sana na mita 1.5. Hapo ndipo tunapokosea, kwa kuwa trei si rafu bali ni boriti. Wazee wa Mwambao waliojenga nyumba za mawe kule Lamu na Zanzibar walilijua jambo hili bila kalamu, ndiyo maana upana wa vyumba vyao ulifuata urefu ambao boriti ya mkoko iliweza kuubeba, na hawakuuongeza hata pale mwenye nyumba alipokuwa na fedha. Uzito unapokuwa umeenea sawasawa, nguvu ya kuipinda boriti huongezeka kwa mraba wa nafasi kati ya vishikizo, na kunepa kwake huongezeka kwa kipeo cha nne. Mita 2.4 ni mara 1.6 ya mita 1.5, kwa hiyo nguvu ya kuipinda trei iliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu, na kunepa kuliongezeka zaidi ya mara sita. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61537 kinataka trei iliyobeba uzito wake wa usalama isinepe katikati zaidi ya sehemu moja ya mia ya nafasi kati ya vishikizo, yaani milimita 15 kwa nafasi ya mita 1.5, na kwamba ikijaribiwa kwa uzito mara 1.7 ya huo isiporomoke. Trei hii, kwa mujibu wa picha za zamani alizonionyesha msimamizi, ilikuwa imenepa hadi mtu akiwa chini aliweza kuliona tumbo lake kwa macho.

Hata hivyo, trei haikukatika. Kilichotoka kwanza ni nanga moja, yaani bolti inayokazwa ndani ya tundu la zege ili kushika chuma cha kuning'inizia. Dari ile imejengwa kwa mihimili midogo ya zege yenye matofali ya mashimo katikati yake, kisha ikapigwa lipu, na kwa chini yote huonekana kama zege moja. Fundi alitoboa, nanga ikaingia kwenye tofali lenye shimo, akaikaza na ikakaza, naye akaendelea na kazi. Nanga ya namna hiyo hushika kwa kutanuka. Ndani ya ukuta mwembamba wa tofali hakuna kinachoibana. Ilipotoka, nafasi ya mita 2.4 ikageuka kuwa mita 4.8 kwa sekunde moja, na vyuma viwili vya jirani, ambavyo kila kimoja kilikuwa kimebeba kilo 187, vikajikuta vimebeba karibu kilo 280. Kimoja kikang'oka, kisha cha pili, kisha vilivyofuata, kama zipu inavyofunguka.

Ningependa tujadili namna ya kuzibeba kebo kwa usalama, kila mmoja kwa uzoefu wake. Kwa upande wangu, naona chanzo chake ni kwamba tumezoea kuchanganya mambo mawili, yaani kuipanga kebo ili isihame na kuibeba kebo ili isianguke.

---

Mzoefu_Keko

Ndugu mwanzilishi, pole kwa kazi na hongera kwa maelezo. Naomba nikupinge kidogo. Nimefunga trei kwa zaidi ya miaka 20, na kebo zangu zote nimezifunga kwa taiti (vikamba vya kukaza) za plastiki, juu ya trei na chini yake, bila hata moja kuanguka. Ukisema tuzibebe badala ya kuzipanga tu, maana yake ni vibano vya chuma, navyo ni ghali, mteja havitaki, na ukiviandika kwenye makadirio unaikosa kazi kwa mwenzako ambaye hakuviandika. Nanga kuingia kwenye tofali ni uzembe wa fundi mmoja. Hautoshi kutufanya tubadilishe utaratibu ambao umefanya kazi miaka yote.

---

MhandisiNyali

Mzee wangu Mzoefu, shikamoo. Naandika kutoka Mombasa. Miaka 20 bila kebo kuanguka ni ushahidi kwamba hakuna moto uliopita chini ya kebo zako, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini moto ndio mtihani wenyewe.

Tarehe 2 Februari 2005 katika jengo la Harrow Court, mjini Stevenage nchini Uingereza, na tena tarehe 6 Aprili 2010 katika jengo la Shirley Towers, mjini Southampton, wazimamoto wawili wawili walifariki wakiwa kazini. Katika matukio yote mawili, kebo zilizokuwa zimeshikiliwa kwa plastiki zilianguka baada ya plastiki kulainika kwa joto, na wazimamoto wakanaswa ndani yake. Fikirini mtu aliyebeba mtungi wa hewa mgongoni, ndani ya moshi usiomwezesha kuuona mkono wake, akijaribu kurudi nyuma huku nyaya zikiwa zimeukamata mtungi. Baada ya hapo kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo wengi wetu hapa Kenya na Tanzania tunazifuata katika michoro yetu, zilibadilishwa. Marekebisho ya mwaka 2015 yalihusu njia za kutorokea, na toleo la 18 la mwaka 2018 likalieneza sharti hilo kwenye jengo zima: kebo zishikiliwe kwa namna ambayo haitaziacha zianguke mapema wakati wa moto.

Watu hulisoma sharti hili vibaya kwa pande zote mbili. Kanuni haikupiga marufuku taiti za plastiki. Kebo iliyolala juu ya trei ya chuma iliyo mlalo hubebwa na trei. Taiti ikiyeyuka, kebo inabaki palepale, na hapo plastiki inatosha kwa kupanga. Lakini kebo iliyofungwa chini ya trei, au ubavuni mwake, au kwenye trei iliyosimama wima, hubebwa na kile kilichoifunga na si kingine. Huko plastiki haiwezi kuwa kishikizo pekee. Nailoni ya taiti za kawaida huyeyuka kwenye nyuzijoto zinazokaribia 260, na watengenezaji wengi hawaithibitishi kwa kazi ya kudumu zaidi ya nyuzijoto 85. Moto wa chumba huzipita joto hizo ndani ya dakika chache, tena hewa ya moto hukusanyika darini, mahali tunapozifunga trei.

Huhitaji kibano cha chuma kwa kila taiti, mzee wangu. Panapohusika, weka taiti ya chuma cha pua au kibano cha chuma kwa nafasi ambayo kebo ikibaki nayo peke yake haitaning'inia hadi kumfikia mtu, kisha katikati endelea na plastiki zako. Gharama yake ikipigwa kwa mita moja haifikii ile unayoihofia.

---

Mzoefu_Keko

Mwanangu wa Nyali, marahaba. Hilo la juu ya trei na chini ya trei sikuwahi kuelezwa hivyo. Ninazo kazi mbili ambazo kebo za taa nimezipitisha chini ya trei, na nitarudi kuzitazama. Kuhusu bei bado tutabishana.

---

MwanafunziVeta

Habari zenu wakuu. Mimi bado najifunza, na nina maswali mawili. Kwanza, kebo za kiini kimoja kimoja kutoka transfoma kwenda swichibodi (kabati kuu la swichi), mwalimu alituambia zifungwe kwa vibano maalumu tatu tatu kwa umbo la pembetatu. Kwa nini taiti zisitoshe, iwapo kebo zimelala juu ya trei na hazina pa kuangukia? Pili, kwa nini alisema tusizifunge kwa bangili ya chuma cha kawaida?

---

FundiWaIlala

Swali zuri sana, kijana. Kibano cha kebo za kiini kimoja hakiwekwi kwa ajili ya uzito. Kinawekwa kwa ajili ya shoti.

Chukulia transfoma yenye uwezo wa kVA 1000 yenye volti 400 upande wa chini na upinzani wa ndani wa asilimia 5. Mkondo wake wa kawaida ni ampea 1,443. Shoti ya fezi tatu ikitokea karibu na swichibodi, mkondo unaweza kufika kiloampea 29 hivi, na kilele chake cha kwanza, katika sehemu ya mia ya sekunde, kikapanda hadi karibu kiloampea 60. Mikondo miwili inayopita sambamba husukumana au kuvutana, na nguvu hiyo huongezeka kwa mraba wa mkondo. Kiwango cha IEC 61914 kinatoa kanuni kwa kebo tatu zilizogusana kwa umbo la pembetatu: zidisha 0.17 kwa mraba wa kilele cha mkondo kwa kiloampea, kisha gawanya kwa umbali kati ya vitovu vya kebo kwa mita. Kebo ya milimita za mraba 300 ina kipenyo cha milimita 33 hivi. Basi 0.17 mara 3,600 ni 612. Gawanya kwa 0.033, unapata zaidi ya nyutoni 18,500 kwa kila mita. Hiyo ni sawa na uzito wa karibu tani 1.9 kwa mita, ukizitupa kebo pande zote. Ukiweka vibano kila milimita 300, kila kibano kitapigwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 570 hivi. Taiti ya plastiki ya upana wa milimita 8 hukatika mapema kabisa kabla ya hapo, na kebo zikipigana juu ya trei huweza kuchana ganda lake na kuanzisha shoti ya pili mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Mashine ya kukata umeme haikuokoi hapa, kwa kuwa kilele cha kwanza hupita kabla mashine nyingi hazijakata umeme.

Kwa hiyo nguvu ya kibano haiulizwi dukani kwa kutazama unene wa chuma. Inaulizwa kwa cheti cha majaribio kinachoonyesha kiloampea za kilele, kipenyo cha kebo na nafasi ya kufungia.

Kuhusu bangili ya chuma: kebo moja ya fezi moja ikizungukwa na duara lililofungika la chuma chenye sumaku, mkondo unaobadilika mara 50 kwa sekunde hulipasha duara hilo joto, nalo huichoma kebo polepole. Ndiyo maana vibano vya kiini kimoja hutengenezwa kwa alumini, chuma cha pua kisicho na sumaku, au plastiki ngumu iliyothibitishwa. Kebo zote tatu zikipita pamoja ndani ya kibano kimoja, sumaku zao karibu zinajifuta. Kosa hilohilo hufanyika kwenye bamba la glandi (vishikio vya kebo pale zinapoingia swichibodi): fundi hutoboa matundu matatu kwenye bamba la chuma, kila fezi na tundu lake, kisha mwezi unaofuata anaitwa kwa sababu rangi ya bamba imeungua.

---

PweaTanga

Naomba niongeze la huku kwetu pwani, ambalo halijaguswa. Trei inaweza kuhesabiwa vizuri na bado ikaanguka baada ya miaka michache, kwa sababu chumvi imekula kile kilichoibeba.

Kuna namna mbili za mabati ya trei zinazouzwa kwa kufanana sura. Ya kwanza hutengenezwa kwa bamba ambalo tayari limepakwa zinki kiwandani, kisha likatobolewa na kukunjwa. Zinki yake, kwa daraja la gramu 275 kwa mita ya mraba, ni takriban mikroni 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kila upande, na kingo zote za matundu hubaki chuma kitupu. Ya pili hukatwa na kukunjwa kwanza, ndipo ikachovywa yote katika zinki iliyoyeyuka. Kwa bamba la milimita 1.5 hadi 3, kiwango cha ISO 1461 kinataka wastani usiopungua mikroni 55, kingo zikiwemo. Zinki hudumu kwa kadiri ya unene wake, kwa hiyo tofauti hiyo ni tofauti ya miaka. Ndani ya ofisi yenye kiyoyozi ya kwanza inatosha. Bandarini, kwenye kiwanda cha chumvi au juu ya paa linalotazama bahari, ni ya pili au chuma cha pua.

Kosa ninaloliona kila mara ni kununua trei nzuri ya kuchovywa, kisha kuitundika kwa fito za hesi (tredi rodi) za bei rahisi zenye mng'ao wa zinki nyembamba sana. Trei inabaki inang'aa huku fito hizo zikigeuka kutu nyekundu kwenye nati, mahali ambapo unyevu hutuama. Kila unapokata trei au fito kwa msumeno, safisha mahali hapo na upake rangi yenye zinki nyingi siku hiyohiyo. Waya mtupu wa shaba wa athi (wa kupeleka umeme ardhini) nao usiulaze moja kwa moja juu ya mabati, kwa kuwa shaba na zinki zikigusana penye unyevu, zinki ndiyo inayoliwa.

Taiti nyeupe zikiwa juani huvunjika kwa mkono baada ya muda. Nyeusi zilizotengenezwa kuvumilia jua ndizo za kutumia nje.

---

MwanafunziVeta

Asanteni sana wakuu. Na kebo zinazopanda ghorofani?

---

MhandisiNyali

Kwenye shimo la kupandishia kebo, trei haibebi chochote kwa kuilaza. Kila kitu hutegemea mshiko. Kebo yenye kilo 12 kwa mita ikipanda mita 40 ina uzito wa kilo 480, na kebo nne kama hizo zinakaribia tani mbili. Nimeona mahali ambapo kebo nzima ilifungwa vizuri juu kabisa na kwa taiti kwingine, ikawa uzito wote unavuta glandi ya swichibodi ya ghorofa ya mwisho, hadi kiini kimoja kikachomoka kwenye tundu lake.

Tumia ngazi ya kebo badala ya trei ya matundu, kwa sababu vipago vyake hupokea vibano moja kwa moja. Gawa uzito kwa kila ghorofa, ili kila zege libebe kipande chake. Mwongozo wa Uingereza wa kazi za eneo la ujenzi unatoa nafasi ya milimita 600 wima na 450 mlalo kwa kebo za amadi zenye kipenyo cha milimita 20 hadi 40. Kwa kebo nene kuliko hizo, fuata mtengenezaji. Unapozivuta, anza kufunga kutoka chini huku winchi ikiwa bado imeshika juu, wala usiilegeze kabla vibano vya ghorofa zote havijakazwa. Kwenye kona, kebo kubwa za amadi hazipendi kukunjwa kwa nusu kipenyo kisichofika mara nane ya unene wake, na ile ya milimita za mraba 240 inahitaji karibu nusu mita. Kona ya trei ikiwa finyu, kebo hujiinua na kusimama juu ya kingo, na uzito wote wa pale hukaa kwenye ncha moja.

---

FundiWaIlala

Nawashukuru wote. Namalizia kwa kueleza tulivyoirudisha trei ile, kwa kuwa baadhi mmeniuliza kwa ujumbe.

Tulianza kwa kuitafuta mihimili ya zege ndani ya dari kwa kugonga na kutoboa matundu madogo ya majaribio, tukaiwekea alama kwa chaki. Pale mhimili usipoangukia nafasi ya mita 1.5, tulifunga chaneli ya chuma kutoka mhimili hadi mhimili, kisha tukatundika trei kwenye chaneli. Nanga moja katika kila kumi tuliivuta kwa kifaa cha majaribio hadi mara moja na nusu ya uzito wake wa kazi, na mbili zilizoteleza tulizibadilisha pamoja na zile za pembeni yake. Maungio ya trei tuliyaweka karibu na robo ya nafasi kati ya vishikizo, si katikati panaponepa zaidi, na kila kona ikapata kishikizo ndani ya milimita 600 kila upande. Mahali trei inapokatiza ukuta wa kuzuia moto tuliikata, kebo zikapita peke yake ndani ya kizuizi, ili trei ikianguka upande mmoja isiung'oe ukuta.

Tuliwakataza pia wasaidizi kupanda juu ya trei wakati wa kuvuta kebo, jambo ambalo lilileta manung'uniko. Mtu wa kilo 80 akisimama katikati ya nafasi huipinda trei sawa na kilo 160 zilizoenezwa, yaani zaidi ya kilo 100 kwa mita kwenye nafasi ya mita 1.5, juu ya kebo zilizokwisha kuwepo.

Mwanzo wa trei tulifunga kibao cha bati kilichoandikwa uzito ulioruhusiwa, kilo 100 kwa mita, uliopo, 78, uliobaki, 22. Mwezi uliopita walikuja watu wa pampu za zimamoto na kebo tatu mpya za kilo 9 kila moja kwa mita. Msimamizi wa jengo, ambaye si fundi umeme, aliwasomesha kibao, akazidisha tisa kwa tatu mbele yao, akawaambia wakaandae trei yao wenyewe.